Mtoto Hanyimwi Msiba Wake

Ipo siku moja ambayo hadi leo nikijifunga kilemba inanirudia. Ni siku niliyofungwa kitambaa cha msiba kichwani, na msiba wenyewe sikujua kuwa ni wangu.

Kaa, mwanangu, nikueleze. Mimi shule niliiacha darasa la nne nikaenda kuamia mpunga, kufukuza ndege kutwa, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya kitaalamu. Lakini nimezaa, nimezika, nimelelewa na nimelea. Katika hayo simwombi mtu anifundishe.

Nilikulia Mkula. Baba alikata miwa kwenye shamba la sukari, na mama, jina lake Otilia, alipanga mafungu ya ndizi kando ya barabara. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, nikadekezwa hadi majirani wakakereka. Kila baada ya mavuno alikuja mgeni kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge. Huyo alikuwa Filomena, mdogo wake mama. Alileta kambale waliokaushwa kwa moshi, na hakutulia mpaka anisuke nywele. Alisuka polepole, akimaliza anafumua, anaanza tena.

"Mama mdogo, vidole vyako vinanuka samaki," nalalamika.

"Vumilia, mgeni wangu. Nimebakiza mstari mmoja."

Nilishangaa kuitwa mgeni nikiwa kwetu, lakini mtoto ana mangapi ya kushangaa. Nikaenda zangu kucheza.

Nilipokuwa mwali, zikaja habari kwamba mama mdogo amefariki. Siku hizo daraja hakuna, tukavuka kwa kivuko na nguo zetu za msiba kwenye vikapu. Tulifika wanaume wakirudi kutoka makaburini, majembe yana udongo mbichi.

Kwetu, mtu akifa, bibi mkubwa wa ukoo huchana kaniki vipande vyembamba, akawafunga watoto wa marehemu kichwani, ili kila anayekuja kuhani awajue wenye msiba. Shemeji hafungwi, mpwa hafungwi. Ni watoto tu. Bibi Agata alikuwa mkekani na kaniki yake mapajani. Akawafunga wavulana wa mama mdogo, wote wawili. Kisha akachana kipande kingine, akanikazia macho.

"Wewe mrefu. Njoo."

"Bibi, mimi ni wa mama Otilia."

"Nakujua wewe ni wa nani. Nilikupokea kwa mikono hii, ukanikojolea. Piga magoti."

Siku nyingine wanawake wangecheka. Siku ile waliinamisha macho mkekani. Mama yangu akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, tulikubaliana."

"Mlikubaliana ninyi. Huyu alikubali lini, akiwa kwenye mbeleko?" Bibi Agata hakupandisha sauti. "Otilia, umelea vizuri, mimi wa kwanza kukusifu. Ila mtoto hanyimwi msiba wake."

Akanifunga, akakaza mpaka kichwa kikauma.

Ndivyo nilivyojua. Mama Otilia hakujaliwa kuzaa, na mdogo wake kwa huruma alimpa binti yake wa kwanza. Hawakufanya ubaya, mwanangu, usiwahukumu. Sikunyimwa chakula, sikunyimwa nguo, wala sikunyimwa mapenzi. Nilinyimwa kujua tu. Mwanamke aliyenizaa alinisuka miaka yote ile kwa sababu ndiyo nafasi pekee aliyoachiwa ya kunishika, na mimi nikamwambia ananuka samaki. Nilipojua yeye ni nani, tayari yuko chini. Nilitaka kumlilia kama mama, nikashindwa, maana humlilii mama uliyeonyeshwa leo. Nililia kwa ajili ya nywele zangu.

Haya nilikuwa nimeyakunja nikayaweka chini ya sanduku. Aliyenifanya niyatoe ni mjukuu wangu. Ameniruhusu niandike ila jina lake nisiliweke, nami sitaliweka.

Anasoma chuo hapa Ifakara, amepanga chumba. Nilimpelekea mchele, nikamkuta kalala, tumbo limejaa, pumzi inakatika. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi," kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. Eti ni gesi. Nimesaidia wanawake kujifungua tangu mama yake hajazaliwa. Tumbo la mimba nalijua, tumbo la gesi nalijua, na lile halikuwa lolote kati ya hayo. Nikaita bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari, binti mdogo mwenye adabu, alimuuliza taratibu mpaka akasema. Alikuwa ameuza mayai. Nikajua homa imempanda kichwani, maana hata kifaranga hana. Daktari akanikalisha, akanieleza. Mwili wa mwanamke kwa kawaida huivisha yai moja kwa mwezi, lile la kutunga mimba. Wako watu mjini wanayatafuta mayai hayo kwa ajili ya wanawake wasioshika mimba. Binti anachomwa sindano siku kadhaa ili yaive mengi kwa mpigo, kisha anatiwa usingizi, yanavutwa. Wengi hupita salama. Wengine sindano zile huwavimbisha, maji yakajaa tumboni, kama ilivyompata wangu. Na wakala wa watu hao, mwanamke aliyekuwa akimpigia kila asubuhi akimwita "mrembo wangu", simu ya mgonjwa hakuipokea.

Tukabaki wawili.

"Bibi, usiniangalie hivyo. Kila mwezi yanapotea bure. Ni kama kukata nywele."

"Nywele zikikua haziulizi kwao ni wapi."

"Ni siri, bibi. Wao hawanijui, mimi siwajui. Yameisha."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani tena?"

"Huyo wanayemtafuta. Hawakununua mayai wakaange."

Akageukia ukutani. Akasema, "Ada ilinibana, ni kweli. Lakini niliona pia namsaidia mwanamke mwenzangu."

Mwanamke huyo ninamjua. Nimekula ndizi zake, nimelala mgongoni kwake. Uchungu wa kukosa mtoto niliuona Mkula, kwenye macho ya mama Otilia kila alipopita mtu na mbeleko.

Mjukuu wangu alipona, namshukuru Mungu. Hata nguo zake hazijamkaa vizuri, wakala akapiga. Safari hii simu ni nzima. Mayai yake yalikuwa mazuri, aje tena, na watamwongeza. Aliniambia mwenyewe tukiwa tunapeta mchele uani kwangu, nikaona moyoni anapima, maana chuo hakisubiri mtu. Sikumpigia kelele. Nilimweleza habari za Filomena, kambale wake na kaniki ya bibi Agata.

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Wewe ulikuwa na bibi Agata, bibi. Huyo wangu, kama yupo, atafungwa na nani?"

Nikamwambia ampigie yule wakala, amuulize kama mtoto akikua akataka kujua, yuko atakayemwambia.

Alipiga nami nasikia. Sauti ya upande wa pili ilikuwa laini kama ya muuza vitenge.

"Jamani, mrembo, hayo yanakuhusu nini? Ukishatoa umetoa."

"Nauliza tu, dada. Jina langu lipo mahali?"

"Kuna namba. Sasa unakuja, au nimwite mwingine?"

"Mwite mwingine," akasema, akakata. Kisha akaweka uso kwenye mapaja yangu, pumba za mpunga zimemjaa nywele, akalia kwa kilio kilichonikumbusha yule mwali mwenye kitambaa. Ya pili ameyakataa, lakini ya kwanza yamekwenda, na hakuna njia ya kuyafuata. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu ninaye, na siku ile majuto nilimpakata pamoja naye.

Huyo "mwingine", mwanangu, pengine ni wewe. Ndiyo maana nimeandika.

Kanisani watakuambia ni dhambi, na padri ana sababu zake, kamsikilize. La kwangu ni hili. Kutoa kunaweza kuwa wema. Ndugu yako akikuomba, mkakaa mkaambiana kweli, daktari akakueleza hatari zote kabla ya sindano ya kwanza, na mtoto akaja kuambiwa alikotoka akiwa bado mdogo, hata mimi nitakusindikiza kwa miguu yangu hii iliyochoka. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Atakayemlea ndiye mama yake, sitabishana naye. Lakini anayeutaka mwili wako na hataki jina lako, huyo hakuja kwa shida yake, amekuja kununua ya kwako. Akikuita mrembo, muulize atakuitaje ukiugua. Na usijidanganye kwamba unatoa kitu. Unatoa mtu, na mtu siku moja huuliza. Ukiona hakuna atakayemjibu, rudi nyumbani. Njaa ya ada inauma, mwanangu, naijua njaa. Hiyo tutahangaika nayo pamoja, kwa mpunga, kwa ndizi, kwa kuomba bila aibu.

Kaniki yangu nimempa mjukuu wangu. Nimemwambia, watoto utakaowazaa waambie mapema, usingoje mkeka wa msiba uwaambie. Waambie yuko mwenzao huko duniani. Siku yako ikifika, wao watafungwa. Kisha wachane kipande kimoja zaidi, wakifunge kwenye nguzo ya mlango, ajaye akione.

Mungu akulinde wewe na tumbo lako, mwanangu. Akikupa uzao, akupe na nguvu za kuulea. Akikunyima, akuletee mtoto wa mwenzio kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Na wewe kitukuu changu, kama upo, popote walipokuzalia, ule ushibe, ukue. Na anayekusuka nywele asiwe na haraka.