Akaunti ya Marehemu Siméon

Wifi yangu Kahongya, dada mdogo wa marehemu mume wangu Siméon, hajawahi kuchelewa darasani, hata mwaka ule ambao hapakuwa na darasa. Shule yake, upande wa Beni, ilifungwa kwa sababu ya mauaji. Yeye akakimbilia kwangu Butembo. Wanafunzi wake kumi na wanne wa mwaka wa sita wakatawanyika: wengi mjini kwa jamaa, wawili Kirumba, na Maliro, msichana hodari kuliko wote, ng'ambo ya mpaka, kupita mji mdogo wa Kamango. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili. Kahongya akaendelea kufundisha hesabu kwenye Facebook, kila asubuhi saa mbili kamili, amevaa viatu.

Lazima nieleze habari ya simu. Tulipoondoa matanga, familia iligawa vitu vya Siméon kwa utaratibu: kaka yake mkubwa, Phinées, alichukua koti na baiskeli, Kahongya akapewa simu. Akaunti ya Facebook iliyokuwa ndani yake haikutajwa na mtu. Siméon pia alikuwa mwalimu, na wanafunzi wote walikuwa marafiki zake humo. Basi Kahongya alifungua kundi la darasa kwa akaunti hiyo hiyo. Masomo yakatoka kwa jina la mume wangu, pamoja na picha yake ya tai.

Wiki tatu kabla ya mtihani, Phinées alifika kutoka Kirumba, amevaa lile koti.

— Mama Virginie, aliniambia, batu bananicheka. Banauliza: ndugu yako, kule kaburini, réseau ya simu anaipata wapi?

— Yaya, acha nikuelezee, alisema Kahongya; yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.

— Nyamaza kwanza! Mi mwenyewe nilimuzika. Padri alisema iko mbinguni. Facebook inasema iko en ligne, eti iko hewani. Donc tuamini nani?

— Amini padri. Mais usifunge kundi. Maliro anapata réseau mara moya kwa juma, akipanda kilima. Akikuta kundi hapana, atajua wapi kwenye tulienda? Atakosa examen.

— Ile ni shida yake. Jina ni ya familia.

Wote wawili wakanigeukia. Jina hilo nimelibeba miaka ishirini na sita, na sijaliacha lichafuke. Niliomba simu. Nikasoma masomo yote, Phinées akinywa chai. Somo la kumi na tisa lilikuwa ujazo wa pipa. Kahongya alikuwa ameruka hatua mbili na kuandika jibu.

— Siméon hakuruka hatua, nikasema.

— Chaji ilikuwa inaisha, yaya.

— Hilo ndilo linalotuaibisha.

Nikaamua: kundi libaki mpaka mtihani upite. Picha ya Siméon itolewe, iwekwe ya Kahongya, na jina lake liandikwe chini ya kila somo. Na kila somo nilisome mimi kwanza.

— Sasa batu ba Kirumba nibaambie nini? aliuliza Phinées.

— Waambie marehemu amepumzika.

Alhamisi Maliro alipanda kilima chake. Akakuta somo la pipa limeandikwa upya, na sura nyingine juu yake. Akaandika: «Ah, madame, njo weye mwenyewe, hapana marehemu! Tulijuaka tangu mwanzo. Mais hatua ya tatu sijaielewa.»

Kahongya alimjibu kabla réseau haijakatika. Nilisahihisha jibu baadaye.