Mwezi wa Maalim Galilei

Ukifika Gando ukaulizia nyumba ya Zahran bin Abrahman, watu watabaki kukutazama. Ulizia kwa Maalim Galilei, hapo utaonyeshwa na mtu wa kwanza utakayekutana naye, ila siku hizi atacheka kidogo kabla ya kunyoosha mkono. Zamani hawakuwa wakicheka.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Alisomesha sayansi skuli ya sekondari mpaka akastaafu, na darasa jipya likiingia hakuanza na kitabu, alianza na kisa cha Galilei. Huyo alikuwa mtaalamu wa nyota wa Italia, karne nyingi nyuma. Alitengeneza darubini kwa mikono yake, akauelekezea mwezi akaona milima, akaielekezea nyota ya Mushtari akaona miezi minne inaizunguka. Akasema dunia ndiyo inayokwenda, jua limetulia. Wakubwa wa dini wa kwao wakamtisha, wakampigisha magoti mzee mzima na mvi zake, akayakana yote aliyoyasema. Kisha wakamfungia nyumbani kwake, na humo humo akapofuka, akafa.

"Maalim, kwani huyo alikuwa Muislamu?" mwanafunzi mmoja alimuuliza.

"Hakuwa."

"Sasa siye tumuamini vipi?"

"Nani kakwambia umuamini? Toka nje ukaangalie mwenyewe!"

Somo lake lote lilikuwa hilo, na alilirudia mpaka likachosha. Binamu yake wa Maskati alimletea darubini ya miguu mitatu, naye akawa anaitoa barazani, mtaa mzima ukipanga foleni kuangalia. Wanaume waliokuwa wakijifanya hawana haja na mambo ya kitoto ndio waliokuwa wagumu kupisha wenzao.

Basi ikawa ada. Shaabani au Ramadhani ikifika ishirini na tisa, jua likizama, watu wa mtaa wanashuka pwani kuutafuta mwezi mwandamo, na Maalim Zahran mbele. Darubini aliiacha nyumbani, maana ushahidi wa mwezi alitaka kuutoa kwa macho yake. Alikuwa na macho makali kweli, tusimnyime haki yake. Alikuwa wa kwanza kuuona, anaelekeza kidole, na wengine wanaukuta pale pale alipoelekeza. Miaka ikapita, na wengi wakaacha hata kuhangaika kukodoa macho. Ya nini, na Maalim yupo?

Kisha macho yakaanza kumtupa mkono. Daktari alimwambia ni presha ya macho, akampa dawa ya matone ya kuzuia, akamweleza waziwazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Zahran hakumwambia mtu. Mkewe, Bi Shariffa, hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu alikuwa akimwona anamimina chai nje ya kikombe.

Ramadhani ya mwaka jana ilipofika ishirini na tisa, Bi Shariffa alimkuta anavaa kofia.

"Leo kaa, mume wangu. Mwachie ntu mwengine."

"Wakiniuliza?"

"Waambie huoni. Uzee si wizi, bwana."

Zahran aliona uchungu kuliko anavyoweza kueleza. Mshahara ulikwisha, wanafunzi walitawanyika, watoto wako Maskati wanapiga simu siku za sikukuu. Kilichobaki kumfanya awe mtu katika mtaa ule kilikuwa ni kile kidole chake. Alishika fimbo akaondoka.

Pwani watu walikuwa tele. Khatib, fundi cherehani aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimama ubavuni mwake kama kawaida. Jua likazama. Zahran akatazama magharibi na hakuona kitu ila weupe mtupu, kama maji yaliyooshewa mchele. Nyuma yake watu walinyamaza kimya. Walikuwa wakimsubiri yeye, na ukimya ule ulimtisha kuliko kelele yoyote.

"Ule pale," akasema, na kidole kikanyooka chenyewe.

"Wallahi hata mie nauona!" akadakia Khatib.

Shehe Masoud, imamu wa msikiti wao, aliwauliza wote wawili kwa kiapo, wakaapa. Mashahidi wawili wametimia, takbira zikaanza, na kesho yake mtaa ule ukala Idi peke yake. Unguja hawakuuona, Tanga hawakuuona, Mombasa hawakuuona, hata Wete pale karibu watu walikuwa wamefunga. Na jioni ya Idi yao, mwezi ulichomoza mwembamba kama ukucha uliokatwa, ukazama upesi. Mtoto mdogo angejua kuwa ule ndio kwanza unaandama.

Shehe Masoud aliwaambia waumini wailipe ile siku waliyokula mchana wa Ramadhani. Hakutaja jina, ila waumini walilitaja wenyewe, kwa sauti, barazani. Watu wa Wete wakawa wanawauliza wa Gando kama wana mwezi wao wa kienyeji. Mtaa haukusamehe. Salamu zilibaki, kwa sababu salamu ni haki ya Muislamu, lakini hakuna aliyekaa tena barazani kwa Maalim.

Zahran alikuwa na tegemeo moja tu. Khatib naye aliuona. Kijana mzima, mwenye macho ya kutunga uzi kwenye sindano! Labda basi ulikuwapo, ukajificha kwa wengine wote, na kidole chake hakikusema uongo. Aliishi na hilo miezi kadhaa, na usingizi wake wote aliupata hapo.

Siku moja baada ya alasiri, Khatib alikuja kuleta kanzu aliyoishona. Bi Shariffa alimkaribisha akaenda kutia maji ya chai.

"Khatib, mwanangu," Zahran akasema, "niambie. Ule mwezi uliuona upande gani? Pembe zake zilielekea wapi?"

Khatib alikunja kanzu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nisamehe, Maalim."

"Nakuuliza pembe."

"Sikuona kitu, Maalim. Wewe umesema upo, mie ningesemaje haupo?"

"Lakini ulitazama. Nakumbuka ulikuwa ubavuni mwangu. Ulitazama wapi?"

"Nilikutazama wewe," akasema Khatib.

Zahran aliipokea kanzu, akamshukuru, akamwombea dua ya riziki. Chai ilipofika, Khatib alikuwa ameshaondoka, na Bi Shariffa alimkuta mumewe analia bila kujificha.

Shaabani ya mwaka huu ilipofika ishirini na tisa, hakuna aliyeshuka pwani. Watu walikusanyika dukani penye redio, wengine wakakaa na simu zao mikononi kusubiri tangazo. Zahran alitoka barazani, akageuza uso magharibi ambako bado kulikuwa na joto la jua, akangoja. Sasa haoni hata weupe. Mbingu yote ilikuwa wazi jioni ile, bila wingu.

"Shariffa," akaita. "Hebu nitazamie. Umeandama?"

Bi Shariffa alikuwa kwenye kigoda mlangoni, simu sikioni, kainamisha kichwa asikie vizuri.

"Bado," akamjibu. "Hawajatangaza."