Siku Niliyoita Kiduara Rota

Mwaka wa sabini na tano, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu alikufa na shule yangu ikafa naye. Nilikuwa darasa la nne. Mwanangu, nakuambia haya mapema usije ukadhani anayekuandikia ni mtu wa vitabu. Kiswahili nasoma polepole, Kikuyu nasoma kwa sababu ya Biblia, na Kiingereza kilinipita barabarani, hatujasalimiana vizuri hadi leo.

Mama alinipeleka Thika kwa Mzee Kartar, Kalasinga aliyekuwa na karakana ya kufunga mota upya. Mota ya kiwanda ikiungua, tulitoa koili zilizoharibika, tukafunga waya mpya wa shaba, tukaipaka vanishi na kuioka kwenye tanuri, ikarudi kazini. Aliniuliza kama naweza kusoma Kiingereza. Nikasema naweza. Njaa hujibu haraka.

Iko siku moja ya wakati huo ambayo haijanitoka kichwani. Ililetwa mota kubwa ya mashine ya kahawa. Tuliifunga siku sita. Siku ya saba Mzee Kartar alikuwa na safari ya Nairobi, akaniachia neno moja: nisome kibao cha Kiingereza kilichopigiliwa ubavuni mwa mota, niunganishe nyaya kama kinavyosema. Nikakitazama kibao, kibao kikanitazama. Ningengoja arudi nimwambie ukweli. Sikungoja. Niliunganisha kama nilivyoona ile ya wiki iliyopita ikiunganishwa. Nilipowasha, ilinguruma kama fahali, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Aliporudi hakunipiga. Aliniuliza kama nilisoma kibao, nikasema nilisoma. Akaniambia nimsomee na yeye asikie. Nikasimama pale nikihesabu vidole vya miguu yangu. Ndipo akasema, "Mota ikiungua tunaifunga upya. Mtu akificha ujinga, nitamfunga upya na waya gani?"

Niliitikia kwa kichwa. Lakini maneno ya mzee ni kama vanishi, bila joto hayashiki, na mimi nilikuwa bado baridi.

Miaka ikaenda. Nilifungua karakana yangu Ruiru, kule Kiuu, kwa jasho langu na bila kubebwa na mtu. Nikapata jina. Kisha chuo kimoja kidogo cha ufundi hapa Thika kikaniita nifundishe vijana kufunga mota. Mimi wa darasa la nne nikawa mwalimu. Nilikuwa nikisikia "mwalimu" sokoni nageuka, hata kama anayeitwa ni mwingine.

Mwaka jana akaja mkuu mpya, na pamoja naye tableti, projekta na intaneti. Akatangaza kwamba kila mwalimu atafundisha somo moja kwa mtandao mbele yake. Atakayeshindwa atatoka darasani aende stoo, akagawe misumari. Niliposikia hivyo nikajua stoo hiyo ilikuwa na jina langu mlangoni.

Aliyepewa kazi ya kutuonyesha ni Mwalimu Nekesa, binti wa Bungoma aliyesomea chuo kikuu kule Juja, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Mara mbili alinionyesha jinsi ya kufungua picha ya mota inayozunguka. Mara zote mbili nikasema nimeelewa. Mara ya tatu akanifuata wakati wa chai, akasema, "Mzee, tujaribu tena polepole. Hakuna anayetuona."

"Nilifunga mota kabla mama yako hajaota meno," nikamjibu.

Akacheka, akasema mama yake hata sasa meno yenyewe ni ya kuhesabu, akaniacha na chai yangu. Mficha uchi hazai, walisema wa kale. Mimi nilijiona nimeshazaa wa kutosha.

Siku ikafika. Vijana mbele, mkuu nyuma na daftari lake, Nekesa kando ya mlango. Nikabonyeza pale nilipokumbuka. Ukuta ukawa mweupe, na katikati pakatokea kiduara kinazunguka, kinazunguka. Nikamshukuru Mungu. Nikachukua fimbo, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Hii ndiyo rota, chuma cha katikati ya mota. Angalieni vile inazunguka bila kuguswa na mtu."

Wakaangalia. Wengine wakaanza kuandika. Mimi nikazidi kupanda mlima: nikawaambia watazame kasi yake, haipungui wala haiongezeki, dalili kwamba koili zimefungwa na fundi anayejua kazi. Kisha Wambui, msichana wa dawati la mbele, akaniita babu kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, "Guka, hiyo si rota. Hiyo inatafuta network."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Uongo ulishanifika kwenye meno: nilitaka kusema nilikuwa nawajaribu nione nani yuko macho. Nikasikia joto likipanda shingoni, na katika joto hilo maneno ya Mzee Kartar yakashika, miaka hamsini baadaye. Nikaweka fimbo chini.

"Sijui," nikasema. "Sijui kutumia hiki kitu, na niliogopa kusema. Wambui, njoo unionyeshe."

Akaja. Akaunganisha tableti na bando la simu yake, akabonyeza mahali, na picha ikafunguka.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Mota ilikuwa imepasuliwa kama papai, koili zote nje: nyekundu, njano na buluu. Stima ikapanda katika nyekundu. Ilipoanza kushuka, njano ikapanda, kisha buluu, zikipokezana kama waashi wanaorushiana mawe. Koili zenyewe hazikusonga hata kidogo. Lakini katikati yake kitu kisichoshikika kilikuwa kinazunguka, na rota ikakifuata kama ndama anavyomfuata mama yake. Nimefunga mota maisha yangu yote. Nimezisikiliza, nimezinusa, zimenirusha kwa stima nikaanguka. Kile kinachozizungusha sikuwahi kukiona, na nilidhani nitazikwa bila kukiona.

Nikavua kofia. Nikamwomba Wambui arudishe mwanzo, akarudisha. Tena. Tena. Mara ya nne mdomo ukafunguka wenyewe, na sijawahi kufundisha vile: hapa ndipo joto huanza, hapa vanishi ikiwa nyembamba utanusa kama sukari inaungua, hapa beringi ikichoka italia kama mtoto mwenye usingizi. Picha ile ina macho, haina pua. Pua ninayo mimi.

Somo lilipoisha mkuu akafunga daftari. "Mzee," akasema, "stoo itatafuta mtu mwingine."

Siku hizi Nekesa hunifundisha kila Jumanne saa ya chai. Nami namfundisha kusikiliza beringi, na nakuambia sikio lake bado ni la mbao.

Sasa shika hili. Usiseme umeelewa kama hujaelewa. Ukiwa mkubwa uogope zaidi, maana mtoto akikosa kujua huonyeshwa, lakini mkubwa akijifanya anajua huachwa hivyo hivyo kwa heshima, na heshima ya namna hiyo ni kaburi lenye maua. Anayekuonyesha akiwa mdogo, usipime umri wa kidole, fuata kinakoelekeza. Na wewe kijana, ukiona mzee amepotea njia, mwambie. Mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Leo nina karakana Kiuu yenye mafundi wanne. Nina vyumba sita vya kupangisha hapo karibu, nyumba ya mawe Ngoingwa, ng'ombe wawili na pikipiki moja kuukuu. Nina tableti, na neno lake la siri nalijua mwenyewe. Nina darasa.

Mungu akuongezee siku, mwanangu. Aibariki kazi ya mikono yako, na asikuache ukazeeka hata usiweze kushangaa tena.