Sura ya Josia

Nilipokuwa mtoto pale Kayole, watu wa ploti yetu walisoma uso wa mtoto mchanga kabla hata ya kuuliza jina lake. Huyu kachukua paji la baba yake, yule masikio ya shangazi. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, mpaka mama yangu alipojifungua.

Katika chumba kilichopakana na chetu alikaa Josia, kapera aliyetengeneza viatu vya akala sokoni Kariokor na kurudi jioni akinuka mpira wa matairi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limelegea, kope imelifunika nusu. Mama alipokuwa na mimba hakuweza kumvumilia. Akimsikia tu akifungua kufuli, anatema mate na kuvuta pazia. Kina mama waliofua bombani walicheka: "Mimba imemkataa Josia!"

Kukhu, mama mzaa baba, aliyekuwa amekuja kutoka Bungoma kumsaidia mama, hakucheka. "Wewe, wacha kumchukia huyo mtu," alimwambia mbele ya wote. "Mtoto atachukua sura yake." Ndivyo tulivyoamini, kwamba mjamzito akimchukia mtu kupita kiasi, mtoto huzaliwa na uso wa yule aliyechukiwa. Hata wale wasiokosa kanisani walilijua hilo.

Ndugu yangu alizaliwa na jicho la kushoto limelegea.

Bombani kicheko kikabadilika. "Hiyo ni chuki gani ya kuzaa jicho?" mmoja wao, Mama Shiru, aliuliza, kwa sauti ya kutufikia sisi. Baba, aliyekuwa kibarua kwenye viwanda vya Industrial Area, alimtazama mtoto mara moja, akatoka kukaa nje juu ya debe. Hakumgusa. Jioni moja nikamsikia akimwambia Kukhu polepole, "Mama, nitamrudisha kwao, yeye na mtoto wake." Mimi hakunitaja. Niliogopa, kwa sababu sikujua ningehesabiwa upande gani.

"Mtoto hajapewa jina," Kukhu akajibu. "Ngoja kwanza apate."

Jumamosi alasiri akawaita majirani, Josia pia. Kwetu jina halikuchaguliwa tu. Mtoto akilia, mwanamke mzee anamtajia majina ya marehemu wa ukoo wa baba, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake, maana mwenye jina amemkubali. Mama alikaa mkekani bila kuinua uso. Josia alisimama mlangoni, macho kwenye akala zake. Mtoto, aliyekuwa hajanyonya tangu asubuhi kwa amri ya Kukhu, alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

"Simiyu?" Kukhu akaanza. "Wanjala?" Mtoto akazidisha kilio. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa Kukhu, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeona kidole chake kikizama kwenye kikombe cha maji ya sukari kilichofichwa chini ya leso, kikapita mdomoni mwa mtoto.

"Wafula?" akauliza.

Kimya. Mtoto alikuwa akimumunya.

Wafula alikuwa marehemu mume wa Kukhu, baba yake baba.

"Haya, chukua baba yako," Kukhu akamwambia baba. "Hiyo sura imeletwa na chuki ya mke wako, na hawa wote walinisikia nikimkanya. Lakini mwenyewe ni Wafula. Utamfukuza baba yako kwa nyumba?"

Baba akanyoosha mikono. "Karibu, baba," akasema. Hapo mama akaangua kilio. Nilidhani analia kwa furaha. Leo sina hakika.

Kwa miaka mingi nilikasirishwa na kidole kile. Nilimwona Kukhu amewachezea marehemu wetu, na nikashangaa hawakumwadhibu. Nilipopata watoto wangu ndipo hasira ikanitoka. Labda aliamini kabisa yale ya chuki. Labda hakuamini hata kidogo. Ninachojua ni kwamba alimtazama mjukuu wake usoni, akaona vilevile tulivyoona sisi sote, kisha akaamua huyu ni wetu. Mama sijamuuliza kitu, na sitamuuliza.

Baba alipokuwa akielekea kufa, macho yake yalikuwa yameisha nuru. Ndugu yangu ndiye aliyemlisha. Siku moja niliwakuta hivyo, kijiko cha uji kikiwa hewani, baba akimpapasa uso: paji, pua, hadi kwenye ile kope iliyolegea. Kidole kikatulia hapo. Nilisimama mlangoni nikaogopa kama nilivyoogopa utotoni.

"Ni wewe, baba?" akauliza.

"Ni mimi," Wafula akamjibu.

Baba akafungua mdomo, akapokea uji.