Sauti ya Mzee Kaaya Kwenye Tangi la Maji

Jamani, hili nalisema kwa kuwa ni nyinyi, maana nikipita kijiji cha Maji ya Chai bado nainamisha uso: mbele ya kijiji kizima nilimfanya marehemu aongee, halafu nikamfutia mkewe sauti yake.

Mnajua kazi yangu, mimi na mwalimu wangu chuoni tunatunga lugha ya kuandikia programu za vile vikompyuta vinavyofichwa ndani ya pampu na mita, na ukali wake ni mmoja: sehemu ya kumbukumbu ambayo hujaijaza, hairuhusu isomwe. Basi asubuhi ya kukabidhi kisanduku cha tangi la kijiji (kile cha kutangaza kwa spika kwamba maji yamejaa), programu ikagoma, ikaniambia wazi tangazo halijarekodiwa. Nimechelewa, gari linapiga honi nje, na mimi mjuaji nikaiamuru iruke ukaguzi. Lugha niliyoitunga mwenyewe!

Tulifika ukungu umeshuka kutoka Mlima Meru, tangi lenyewe halionekani. Watu wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, mwalimu anawaambia mashine hii haiwezi kusema kitu ambacho haikuambiwa, nami nikabonyeza. Kimya. Kisha kule juu ukunguni ikatoka sauti ya mzee, taratibu: "Mama Eli, njoo. Maji yamefika."

Ni Mzee Kaaya, mlinzi wa tangi, aliyenisaidia kujaribu maikrofoni ya kisanduku hicho mwaka jana na akazikwa baada ya Pasaka. Maneno yake yalikuwa yamebaki palepale nilipopaswa kurekodi tangazo.

"Abee!" Mkewe akaitika kutoka benchi la mbele, akanyanyuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye ukungu, na hakuna aliyethubutu kumshika. Mwenyekiti ananong'ona, "Yesu, Yesu." Sauti ikaendelea, "Mama Eli, usisahau..." na mimi kwa kiwewe nikabonyeza kufuta.

Bibi akasimama, akanigeukia. "Mbona umemnyamazisha, mwanangu? Alikuwa hajamaliza."

Nilitamani ardhi inimeze, wallahi.

Tangu hapo programu ikigoma nakaa nayo mpaka tuelewane, na kitu cha mtu sikifuti kabla ya kumuuliza. Wiki iliyofuata bibi alinipigia simu kuuliza kama hakuna hata neno moja lililobaki, nikamwambia hakuna, bibi. Kisha akasema maji yanatoka vizuri, Mungu anibariki.