Chumba cha Pili cha Kaluki

Kaluki wa studio ya Sultan Hamud hakuwa mtu wa kubembeleza mteja. Ukikunja uso mbele ya kamera yake, alikuambia wazi, "Huo uso ni wako, mimi napiga picha tu." Mwaka wa tisini na nane alinunua kamera ndogo ya video, ya dijitali, na kwaya yetu ikawa ya kwanza kumwita. Tulitaka video kama kwaya za watu!

Shida yetu ilikuwa Susu Kavata, nyanya wa kwaya. Wimbo wenyewe aliutunga yeye, wakati wa njaa ya themanini na nne, na alitaka wajukuu wake walio Mombasa wamsikie akiuimba kabla hajaenda kwa Mungu. Lakini sauti, aiya! Ilikuwa imekauka, na ubeti wa pili aliingia akiwa amechelewa kila Jumapili. Kilonzo, mwalimu wa kwaya, akaamua: Susu asimame mbele aimbe, halafu baadaye Kaluki afute sauti yake, aweke ya Nzilani, msichana wetu mwenye sauti tamu, pamoja na kinanda. Susu asiambiwe. Sisi wote tukasema amina.

Siku ya kurekodi tulipanda kilima chenye mawe nje ya mji, sare zikipepea. Kaluki akavaa spika zake za masikioni juu ya kitambaa cha kichwa, akawasha kile kitu cha kupunguza upepo, kisha akaanza kuchagua kiwango cha kurekodi sauti. Kilonzo akachungulia kioo.

"Hapo kuna kumi na mbili na kumi na sita. Weka kumi na sita! Tumelipia kubwa."

"Kilonzo, hii si viatu," Kaluki akamjibu. "Kumi na sita ni safi zaidi, lakini kwenye mkanda inajaza nyumba yote. Mgeni akija, yaani sauti nyingine, lazima mwenyewe atoke. Kumi na mbili inaacha chumba kimoja wazi."

"Lakini si tulisema mwenyewe atoke?"

"Nyinyi mlisema," Kaluki akasema, na akabonyeza kumi na mbili.

Akasogeza maikrofoni karibu na Susu. Susu akaimba kwa moyo wote, na ubeti wa pili akachelewa kama kawaida.

Wiki iliyofuata Nzilani na kinanda wakaingizwa kwenye kile chumba cha pili. Kisha tukajazana studio kutazama. Kaluki akafungulia hicho cha pili peke yake, kama tulivyoagiza. Jamani, ilikuwa tamu! Tulipigana makofi mgongoni mpaka tukamwona Susu ameinuka, amesogea hadi kwenye televisheni.

"Nani huyu anaimba ndani ya mdomo wangu?"

Kilonzo alikuwa anakagua kifungo cha shati. Nilitamani ardhi inimeze, na Nzilani alikuwa ameinamisha kichwa.

Kaluki akarudisha mkanda, akabonyeza kamera irudi chumba cha kwanza. Kinanda kikapotea. Tukasikia upepo, kisha Susu mwenyewe, mkavu, akikwaruza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia akiimba. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kinywani.

"Ngai! Kumbe naimba hivi?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti. "Na mmeninyamazia miaka yote hii?"

"Tunaweza kurekodi tena, Susu," Kilonzo akasema kwa sauti ndogo.

"Turekodi nini? Utanipa koo jipya?" Akamgeukia Kaluki. "Mama, mimi nipe hiyo yangu. Hao watoto wa Mombasa nyanya yao ni mimi, si Nzilani."

Kaluki akauliza kila mtu anataka nakala gani. Kwaya nzima tukaagiza ile ya kinanda. Susu hata hakukasirika, alisema ni nzuri ya kuchezea harusi.

Nzilani ndiye aliyebaki nyuma. Akamwomba Kaluki ampe ile ya Susu. Alisema anataka kujifunza ule wimbo.