Fundi alitoa thermostat kimyakimya, mdogo wangu akaitwa mwizi wa dizeli

Wakuu, salamu kutoka Mkata. Hili limenikaa kifuani, leo nalitua hapa. Sijasimuliwa na mtu, limetukuta nyumbani kwetu.

Mzee wetu ana lori la zamani. Linabeba mahindi na mihogo kutoka Sindeni kwenda Korogwe. Dereva alikuwa mdogo wangu, Bakari.

Siku moja lilichemsha, mzee akalipeleka kwa fundi wake wa miaka mingi, pale Masuguru. Likarudi, halikuchemsha tena. Tukamsifu.

Baada ya hapo likaanza kula mafuta vibaya. Asubuhi moshi mweupe, kamlima kadogo tu linakosa nguvu. Fundi akabadilisha nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini. Akashusha pampu. Wapi.

Alipoishiwa majibu akamvuta mzee pembeni. "Mzee wangu, gari ni zima. Dizeli muulize kijana wako."

Mzee akaamini. Akamnyang'anya Bakari funguo mbele ya mama. Dogo akaapa, mzee akamjibu kwamba hata mwizi huapa.

Bakari akahama nyumbani, akaenda kufanya kibarua cha kukata mkonge.

Mimi namjua mdogo wangu. Nikaomba niliendeshe lori mwenyewe.

Jua la mchana, mzigo umejaa, lakini mshale wa joto umelala kwenye C, upande wa baridi, mpaka Korogwe. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili imepanda na inanuka dizeli. Yaani injini haishiki moto, mafuta hayaungui yote, mengine yanateremkia kwenye oili.

Kesho yake asubuhi nikawasha, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Kwa kawaida unabaki baridi mpaka injini ishike moto, ndipo thermostat, kile kivalvu cha joto, inaruhusu maji yapite kwenda kwenye rejeta. Huu ukaanza kupata uvuguvugu mapema tu, pamoja na injini.

Nikafungua pale thermostat inapokaa. Patupu. Hakuna kitu.

Nikaikagua na rejeta: imeziba, na hilo ndilo lilikuwa tatizo la mwanzo. Badala ya kuizibua, jamaa kang'oa thermostat ili maji yapite muda wote.

Nikamchukua mzee, tukaenda gereji.

"Ni kweli nilitoa," fundi akasema, wala hakuacha kufunga nati zake. "Kile ni cha nchi za baridi. Hapa kwetu cha nini?"

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza."

Wakuu, nikamsogelea. Mzee ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje.

Tulizibua rejeta, tukafunga thermostat mpya na kumwaga ile oili. Mshale sasa unasimama katikati, moshi umekata, ulaji umerudi kawaida.

Mzee akaenda mwenyewe kwenye mkonge kumwomba mwanawe radhi. Bakari alimwamkia vizuri, akamtafutia pa kukaa.

"Baba, nimekusamehe. Ila funguo mpe kaka."

Mpaka leo anakata mkonge. Mama akipakua chakula bado anamtengea sahani yake.

Nilichojifunza: lori la zamani likila mafuta, angalia kwanza mshale wa joto kabla hujamwangalia dereva. Na fundi akifungua gari lako, akuonyeshe alichotoa.

Mafundi mliomo humu, nielezeni bila kuzunguka. Mtu unajua ulichong'oa, unawezaje kukaa kimya mtoto wa mwenzio akiitwa mwizi?